Kisu cha Mavuno na Pumzi ya Mhunzi

Mpunga unapoiva katika bonde la Kilombero, kila nyumba hutafuta visu na miundu yake. Twajaribu makali kwa kidole gumba, lakini ni wachache wamkumbukao aliyeyatia. Leo twataka kusimulia habari zake.

Zamani chuma kilitoka katika ardhi yetu wenyewe. Kule Ufipa wahunzi walijenga tanuru la udongo liitwalo ilungu, refu kupita kimo cha mtu, wakalijaza mawe ya chuma na makaa. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, pasipo mivukuto. Chuma kilichopatikana kilitiwa tena katika tanuru dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipovuma. Kisha kikafuliwa kuwa majembe. Buhaya nako, mwaka 1976, wazee walioijua kazi hiyo tangu ujana wao waliwasha tanuru mbele ya wataalamu, wakatoa chuma chenye sifa ya pua.

Basi, kazi hiyo ilififishwa na nini? Hasa na majembe na visu vya viwanda vya Ulaya, vilivyouzwa kwa bei ndogo. Mji uliosifika kwa visu ni Sheffield, Uingereza. Chama cha mafundi wake kiliwekwa kwa sheria mwaka 1624. Na mwaka 1913 Harry Brearley alitengeneza huko pua isiyoshika kutu.

Lakini unafuu ule ulilipiwa kwa pumzi za watu. Wanoaji walivuta vumbi la mawe na chuma, na walioumia kuliko wote ni wanoaji wa uma, kwa kuwa walinoa pasipo maji. Katika karne ya 19 wengi wao hawakufika umri wa miaka 40. Feni za kuondoa vumbi zilikuwapo, lakini wengine walizikataa, wakihofu kwamba mafundi wakiishi wengi, ujira utapungua. Tusiwacheke, njaa ndiyo iliyowashauri.

Siku hizi wahunzi wetu hufua vyuma vya magari yaliyochakaa, na vijana hunoa kwa jiwe la umeme. Enyi vijana, jifungeni kitambaa puani, fanyeni kazi mahali penye upepo, wala watoto wasiketi karibu. Nawe mnunuzi, usishindanie bei hata fundi aone kujikinga ni hasara. Kisu kikivunjika hununuliwa kingine. Pafu halina duka.