Je, Wajua? Boriti ya mkoko ndiyo iliyopima chumba

Mwanafunzi wa usanifu majengo, awe Chuo Kikuu Ardhi jijini Dar es Salaam au kwingineko, hujifunza mapema kwamba upana wa chumba hauamuliwi na kalamu peke yake. Kinachobeba dari nacho kina kauli. Ushahidi ni mikoko iliyosimama matopeni, jirani na Nyamisati wilayani Kibiti. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko katika delta ya Rufiji, yakazipeleka Zanzibar, Oman na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Boriti hubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Zanzibar na Lamu ni virefu lakini vyembamba. Ingia kimoja, inua macho: boriti zimelala sambamba, zikivuka kila mara upande ule mfupi.

Na bondeni Rufiji kwenyewe, maji ndiyo yaliyoamua umbo la jengo: wakulima walijenga dungu, kibanda juu ya nguzo, mafuriko yapite chini huku wao wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe.