Vitabu vya Kukua Navyo

Kikundi kikiwa na pesa ya vitabu vitatu tu, tuchague vipi? Tutazame umri wa mtoto, si sifa ya kitabu.

Wadogo tuwasomee Hekaya za Abunuwasi: visa ni vifupi, tena vinachekesha. Wa miaka 12 hivi tuwape Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952), ambamo ndugu wenye wivu wanageuzwa manyani. Kusadikika (1951), kinachohusu Karama anayejitetea mbele ya mfalme, kingoje sekondari. Mtoto akikipata mapema atakichoka, aone kusoma ni adhabu.

Na mzazi asiyejua kusoma je? Asijitenge. Aketi, asikilize, kisha aulize: “Halafu ikawaje?” Hapo mtoto atafungua ukurasa mwingine.