Sindano ya Viungo: Inasaidia Wapi, Inadhuru Wapi?

Wengi katika vikundi vyetu wanaishi kwa nguvu za mikono. Pale Kamukunji mafundi wa jua kali wanagonga mabati kutwa nzima. Gikomba vijana wanabeba marobota ya mitumba. Umoja na Buruburu akina mama wanafua nguo za watu na kupiga deki wakiwa wamepiga magoti. Si ajabu basi kusikia kilio cha kiwiko, bega na goti. Ushauri nao ni uleule: "Nenda udungwe sindano, utapona mara moja." Kikundi kinachanga. Kabla pesa hazijatoka, tuelewe tunanunua nini.

SINDANO MBILI TOFAUTI

Tusizichanganye. Ile ya matakoni, mara nyingi diklofenaki, hutuliza maumivu mwili mzima kwa muda mfupi tu. Ukiirudia rudia inaweza kuumiza tumbo na figo.

Ya pili inadungwa kwenye kiungo chenyewe, au kando ya kano, yaani ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa. Dawa yake ni ya jamii ya kotizoni, mara nyingi pamoja na dawa ya ganzi. Kotizoni ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi huko Marekani mwaka 1948.

INAFANYA NINI?

Inapunguza uvimbe, na uchungu unashuka. Lakini haishoni kano iliyochanika, wala hairudishi gegedu iliyolika. Moshi umepungua, kuni bado ziko. Fundi akirudi kugonga mabati kesho yake kwa sababu hasikii uchungu, anazidi kuumiza palepale.

Kwa kidole kinachokwama kikikunjwa, sindano moja mara nyingi inasaidia vizuri. Kwa bega lililoganda inaleta nafuu ya kuanza mazoezi. Kwa goti lililolika nafuu ni ya wiki kadhaa tu. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2017 uliwafuata watu 140 waliokuwa wakidungwa goti kila wiki 12 kwa miaka 2, wengine dawa na wengine maji ya chumvi. Uchungu haukutofautiana, na waliopata dawa gegedu yao ililika zaidi.

Kwa kiwiko tuwe waangalifu. Uchunguzi wa Australia wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa waliodungwa kotizoni walipata nafuu mapema, lakini baada ya mwaka mmoja uchungu ulikuwa umewarudia wengi wao kuliko wale ambao hawakupata dawa hiyo.

HATARI ZAKE

- Vijidudu vikiingia kwenye kiungo, usaha unaweza kukiharibu kabisa. Ukiona joto jingi, uvimbe unaozidi au homa, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.
- Kano inaweza kukatika, hasa ile kubwa ya kisigino.
- Sukari ya damu hupanda kwa siku kadhaa. Mwenye ugonjwa wa sukari amwambie daktari mapema.
- Ngozi pale ulipodungwa inaweza kupauka.

KABLA YA KUKUBALI

Muulize daktari: Ugonjwa wangu unaitwaje? Dawa hii ni gani? Nimeshadungwa mara ngapi mahali hapa? Kwa kawaida kiungo kimoja hakidungwi tena kabla ya miezi 3. Duka la dawa si mahali pa kudungia kiungo. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, na ngozi isafishwe kwanza.

Uliza pia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa mfano katika Hospitali ya Kenyatta au Mama Lucy Kibaki. Kwa kiwiko zoezi ni rahisi: laza mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni, shika chupa ya maji ya nusu lita, inua kiganja, kisha kishushe polepole. Anza na mara 10. Ukisikia uchungu mkali, punguza.

TUJADILIANE

1. Ni kazi gani inayotuumiza zaidi? Tunaweza kupokezana, kufungia mpini wa nyundo kitambaa, au kununua mopu yenye mti mrefu?
2. Mwaka huu tumechangia sindano ngapi? Ni wangapi kati ya waliodungwa waliopumzisha kiungo baadaye?
3. Je, mfuko wetu unaweza kumlipia mwenzetu siku chache za kupumzika kazi? Maana nafuu ya sindano bila kupumzika haidumu.