Maneno Madogo Yenye Maana Kubwa

Lugha yetu ya Kiswahili haina maneno yaliyo sawa na "a" na "the" ya Kiingereza. Tusemapo "kitabu", msikilizaji hutambua mwenyewe kama ni kitabu chochote au ni kile tulichokwisha kukitaja. Lakini katika Kiingereza sharti ubainishe: kitabu chochote ni "a book"; kitabu kijulikanacho ni "the book". Wengi wetu tuandikapo barua huyaacha maneno hayo, tukidhani hayana kazi. Kumbe yana kazi kubwa.

Mtu aombaye kazi akiandika "I have little experience", amesema kwamba karibu hana ujuzi wowote. Akiandika "I have a little experience", amesema kwamba ujuzi anao, ingawa si mwingi. Herufi moja tu yaweza kumnyima kazi! Vile vile, "He went to prison" maana yake alifungwa. Bali "He went to the prison" maana yake alifika huko kwa shughuli, labda kumtazama mfungwa.

Tena yako majina yasiyohesabika, kama "advice", "information" na "luggage". Hayo hayapokei "a" wala "s" ya wingi.

Basi, kabla hujaitia barua yako katika bahasha, isome tena polepole, na kwa kila jina jiulize maswali mawili: Je, kitu hiki chahesabika? Je, atakayeisoma barua hii anakijua kitu nikitajacho?