Upele: Nyumba Nzima Ipakwe Siku Moja



Nilipokwenda Nyamagana, Mwanza, kumtazama mwanangu, nilimkuta mjukuu akijikuna usiku kucha. Mama yake alikwisha mpaka dawa mara mbili. Akapona, upele ukarudi. Dawa haikuwa mbovu. Nduguze wawili alalao nao hawakupakwa, maana hawakuwashwa.

Hapo ndipo penye kosa. Mdudu wa upele ni mdogo mno, huchimba ngozini akataga mayai. Mtu aupatae mara ya kwanza aweza kukaa wiki 4 hata 6 pasipo kuwashwa, na huku awaambukiza wenziwe. Kwa hiyo yapasa wote wa nyumbani wapakwe siku ile ile, kutoka shingoni hata nyayoni, baina ya vidole, kwapani, kiunoni, na chini ya kucha, kisha warudie kama daktari alivyoagiza. Watoto wachanga wana kipimo chao, waulizieni kwanza. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Kisichofulika kifungwe mfukoni juma zima, kwani mdudu akikosa mwili hufa.

Muwasho waweza kubaki wiki 2 mpaka 4 baada ya dawa, msije mkapaka kila siku mkaunguza ngozi. (Na mafuta ya taa si dawa!) Vidonda vikitunga usaha, nendeni hospitali upesi, vyaweza kudhuru mafigo.

Nasi wakati wa kuchuma karafuu hulala madagoni bega kwa bega. Akiwashwa mmoja, wapakwe wote wa dago.