Utangulizi: Mantiki Inayokataa Kulipuka

Warsha hii inasoma kazi za mtu mmoja, Graham Priest, na kati ya wanaokuja wapo wanasheria, walimu wa lugha, wanafunzi wa kompyuta, na wachache waliosoma falsafa. Swali ambalo halikosi kuulizwa ni kama lazima mtu awe anajua hisabati. Si lazima. Kinachotakiwa ni subira ya kuifuata hoja hatua kwa hatua na kuikamata pale inapoteleza.

Priest alizaliwa Uingereza mwaka 1948, akasomea hisabati hadi shahada ya uzamivu, kisha akahamia falsafa na kufundisha miaka mingi Australia kabla ya kwenda New York. Ana mkanda mweusi wa karate, jambo lisilohusu mantiki, ila huwafariji wanaodhani kwamba wanamantiki hawatoki maktabani. Makala iliyomtambulisha, The Logic of Paradox, ilitoka 1979. Kitabu chake kikuu, In Contradiction, kikafuata 1987. Dai lake ni fupi, nalo limewaudhi wengi: zipo kauli ambazo ni kweli na papo hapo ni uongo.

Kabla hamjakunja uso, tutazame kwanza kile ambacho mantiki ya kawaida inasema juu ya ukinzani, maana hapo ndipo ajabu ilipo. Chukua kauli mbili: Asha yuko Mombasa, na Asha hayuko Mombasa. Tuseme tumezikubali zote. Kwa kuwa Asha yuko Mombasa, basi ni kweli kwamba ama Asha yuko Mombasa ama papa wanapanda minazi. Hapo hakuna hila. Kauli ya "ama" hutosheka upande mmoja ukiwa kweli. Lakini tumekubali pia kwamba Asha hayuko Mombasa. Upande wa kwanza umekatika, umebaki wa pili. Kwa hiyo papa wanapanda minazi.

Hoja hii ilijulikana Paris tangu karne ya 12, na C. I. Lewis akaifufua katika kitabu cha 1932. Inaonyesha kwamba ukinzani mmoja tu, hata uwe mdogo namna gani, unatosha kuthibitisha jambo lolote lile. Wanamantiki huliita jambo hili mlipuko. Mtu wa kawaida akiusikia hucheka. Nadhani ana haki ya kucheka, kwa sababu hakuna anayefikiri hivyo. Ukikuta faili la ofisi linampa mtu mmoja tarehe mbili za kuzaliwa, huhitimishi kwamba anadaiwa kodi ya Uganda. Unaendelea na kazi, ukiwa macho.

Priest anakata wapi? Kwenye hatua ya mwisho. Katika mantiki yake kauli inaweza kuwa kweli tu, uongo tu, au vyote viwili, na hoja ni halali ikiwa kila mara dhana zake zote zinapokuwa na ukweli ndani yake, hitimisho nalo linao. Tuirudie basi hoja yetu. Tuseme "Asha yuko Mombasa" ni kweli na uongo. Kauli ya "ama" ina ukweli, kwa sababu upande wake wa kwanza unao. "Asha hayuko Mombasa" nayo ina ukweli. Lakini habari ya papa ni uongo mtupu. Dhana zimesimama, hitimisho limeanguka. Ile hatua ilichukulia kwamba kuukanusha upande wa kwanza ni kuufuta. Lakini ukweli wake bado upo, nao ndio uliokuwa ukiibeba kauli ya "ama" peke yake.

Asha ni wa kuonyeshea mbinu tu. Priest hasemi kwamba watu wako Mombasa na hawako. Kauli anayoitegemea ni ile ya zamani ya mwongo: "Kauli hii si kweli." Ikiwa ni kweli, basi si kweli kama inavyosema; ikiwa si kweli, basi ndivyo inavyosema, kwa hiyo ni kweli. Wengine walijaribu kuikwepa. Alfred Tarski, miaka ya 1930, alitenga lugha katika ngazi ili lugha isizungumzie ukweli wake yenyewe. Saul Kripke, mwaka 1975, aliiacha kauli hiyo kwenye pengo, si kweli wala si uongo. Ila pengo halisaidii sana: kauli iliyo kwenye pengo bila shaka si kweli, na hilo ndilo hasa ilichosema. Kwangu mimi, hapa ndipo Priest ana nguvu kuliko wapinzani wake. Anaacha kuikimbia hoja na kukubali inakompeleka.

Mifano yake mingine hainishawishi sawasawa. Anabuni sheria ambayo kifungu kimoja kinawanyima kura watu wa kundi fulani, na kingine kinampa kura kila mwenye mali. Siku moja mtu wa kundi hilo anapata mali. Wanasheria watasema mahakama itaamua kifungu kipi kishinde, na Priest atawauliza hali ikoje kabla mahakama haijaamua. Natarajia mabishano makali, na sitayazuia.

Gharama ipo. Funguo ziko ama mezani ama mfukoni, mezani hazipo, basi ziko mfukoni. Hatua hiyo, tunayoitumia kila siku, ndiyo Priest ameivua uhalali. Jibu lake ni kwamba pasipo ukinzani bado ni salama, nasi tunaruhusiwa kudhani haupo mpaka tuonyeshwe. Swali gumu zaidi ni jingine: ikiwa kusema "si hivyo" hakuondoi uwezekano kwamba ni hivyo, Priest anampingaje mtu? Anasema kulikataa jambo ni tendo la peke yake, tofauti na kukiri kinyume chake. Sijui kama tofauti hiyo inabeba mzigo wote anaoutwika. Tumeitengea kikao kizima.

Hakuwa peke yake. Stanisław Jaśkowski huko Poland mwaka 1948, Newton da Costa huko Brazil mwaka 1963, na Florencio Asenjo mwaka 1966, kila mmoja alijenga mantiki isiyolipuka. Mwenzake Priest wa karibu alikuwa Richard Sylvan, aliyefariki 1996. Mwaka uliofuata Priest alichapisha katika jarida la mantiki hadithi fupi ya kubuni: anapekua karatasi za marehemu, anakuta kisanduku, anakifungua. Ndani hamna kitu, na kitu kimo. Hadithi inaendelea bila kuvurugika, na msomaji anajua vizuri nini kinafuata na nini hakifuati. Isomeni kabla ya makala ya 1979. Inachukua muda mfupi, nayo inafundisha kuliko kurasa nyingi za alama.

Kisha chukueni penseli na mjaribu hili. Tumieni zile hali tatu, mkikumbuka kwamba ukanushaji hugeuza kweli kuwa uongo na uongo kuwa kweli, na kilicho vyote viwili hubaki vyote viwili. Kauli ya "na" ina ukweli pande zote mbili zikiwa nao, na ina uongo hata upande mmoja ukiwa nao. Pimeni sentensi hii: "Si kwamba Asha yuko Mombasa na hayuko Mombasa." Mtagundua kwamba katika mantiki ya Priest nayo haikosi ukweli hata mara moja. Njooni na jedwali lenu kwenye kikao cha kwanza. Tutaanza na wale waliodhani wamekosea.