Zebaki ya Ziwa Lisilo na Jirani

Ziwa Hazen liko kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, kilomita 900 hivi kutoka Ncha ya Kaskazini. Kina chake kinafika mita 267. Jua likizama mwezi Oktoba halionekani tena mpaka mwishoni mwa Februari, na sehemu kubwa ya mwaka ziwa limefunikwa na barafu. Ufukweni hakuna kijiji, hakuna mgodi wala barabara. Kuna kambi ya utafiti iliyojengwa kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957-58, basi. Samaki waliomo ni wa aina moja tu, chari wa Aktiki, jamaa wa samoni na wa trauti waliopandikizwa kwenye mito ya Mlima Kenya. Na nyama ya chari hao ina zebaki.

Msomaji atauliza nani kaimwaga. Hakuna aliyeimwaga. Zebaki ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida, na huvukiza. Risasi na kadimi husafiri zimeng'ang'ania chembe za vumbi na masizi, nyingi zikaanguka njiani. Mvuke wa zebaki hukaa angani miezi kadhaa, hata kufikia mwaka, muda unaotosha kuuzunguka ulimwengu.

Jinsi inavyotua huko kaskazini ilianza kueleweka mwaka 1995 katika kituo cha Alert, kwenye kisiwa hicho hicho cha Ellesmere. Watafiti waliona kwamba jua linaporudi baada ya usiku mrefu, zebaki ya hewani inatoweka karibu yote kwa saa au siku chache, kisha inarudi, kisha inatoweka tena. Mhusika ni bromini itokayo kwenye chumvi ya bahari iliyoganda. Mwanga ukiipiga, huishambulia zebaki ya mvuke na kuigeuza kuwa ya aina inayonata kwenye theluji. Sehemu yake huvukiza tena, nyingine huteremka na maji theluji ikiyeyuka. Mimea nayo ina mkono wake: utafiti wa Toolik, Alaska, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba majani ya tundra huivuta zebaki moja kwa moja kutoka hewani, na kwamba hiyo ndiyo njia kuu inayoifikisha kwenye udongo wa pale, kuliko theluji na mvua.

Hazen kuna mlango mwingine. Ziwa hulishwa na barafu kuu za milimani, na tangu mwaka 2007 hivi maji yanayoyeyuka huko yameongezeka karibu mara kumi. Yanakuja na tope, na tope linakuja na metali zilizokaa humo miaka na miaka. Maji hayo ni baridi na mazito, hivyo huzama hadi sakafuni na kuzika sehemu kubwa ya zebaki kwenye mashapo. Hiyo ni nusu ya habari njema. Nusu ya pili si njema: katika kipindi hicho hicho cha joto, afya ya mwili wa chari wenyewe imeshuka.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Lita moja ya maji ya maziwa ya namna hii mara nyingi haina hata nanogramu moja ya zebaki. Ukiyanywa maisha yako yote hayatakudhuru kwa zebaki. Lakini samaki mkubwa wa ziwa la Aktiki anaweza kuwa na laki kadhaa za nanogramu katika kilo moja ya nyama, na kikomo cha Kanada kwa samaki wengi wanaouzwa ni miligramu 0.5 kwa kilo, yaani nanogramu laki tano. Anayefanya kazi hiyo ni bakteria wa matope yasiyo na hewa, anayeigeuza zebaki kuwa ya methili, aina inayoshikamana na protini na isiyotoka mwilini upesi. Mwani huimeza; lava wa wadudu wafananao na mbu wasiouma, ndugu wa wale wanaotanda juu ya Ziwa Victoria, hula mwani; chari hula lava. Kila ngazi inarithi deni la ngazi ya chini.

Chari naye hana haraka. Kwenye baridi ile hukua polepole na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, akikusanya tu. Wale wakubwa wa Hazen, kwa kukosa aina nyingine ya samaki, hula chari wenzao na hivyo kujiongezea ngazi. Kwa maoni yangu hili ndilo la kushikilia kuliko yote: zebaki iliyomo ndani ya samaki haituambii tu ni kiasi gani kimedondoka kutoka angani, inatuambia pia samaki huyo ameishi miaka mingapi, amekula nini, na matope ya ziwa lake yana hewa kiasi gani. Ndiyo maana maziwa mawili ya jirani yanaweza kupata theluji ile ile na samaki wao wakatofautiana sana. Na ndiyo maana Wainuiti, ambao chari ni chakula chao cha asili, wana bahati kwamba chari anayekwenda baharini kujilisha hukua haraka na zebaki yake ni kidogo sana kuliko ya nduguye aliyefungiwa ziwani.

Inatoka wapi? Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikadiria tani 2,220 zilizorushwa angani na shughuli za binadamu mwaka 2015, na asilimia 38 hivi zilitokana na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hapo Afrika Mashariki haiwezi kutazama pembeni. Geita, Chunya, Migori, Ituri: mwamba husagwa kwenye karasha, zebaki ikamatishwe na dhahabu, kisha donge lichomwe juu ya moto wazi. Wa kwanza kuuvuta mvuke ni mchomaji mwenyewe na watoto walio jirani, na hilo peke yake lingetosha kuwa hoja. Unaobaki huchanganyika na wa makaa ya mawe ya Asia, na hakuna awezaye kuutenga tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020; mkataba wenyewe unataja katika utangulizi wake hatari inayoikabili Aktiki na wenyeji wake.

Risasi ilitii haraka. Petroli yenye risasi ilipoondolewa, kwetu kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho, Algeria, mwaka 2021, theluji ya Greenland ilikuwa imekwisha kuonyesha nafuu tangu nchi tajiri zilipoanza. Zebaki haitatii hivyo. Ikishatua, bahari na udongo huirudisha angani tena na tena, kiasi kwamba sehemu ya inayoelea leo ni ile iliyochomwa kwenye machimbo ya dhahabu na fedha ya Amerika karne ya 19.